Waliniita Mzito, Mfumo Wangu Bado Unadunda

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana nisiyemjua. Amekabidhiwa mfumo wa malipo nilioujenga zamani, pamoja na msimbo wake, yaani maagizo ya kompyuta niliyoyaandika, kabla sijaondoka kwenye ile kampuni. Kaandika: "Kaka, niliingia kwenye msimbo wako nikijua nakuta msitu. Njia mpya ya malipo nimeiongeza kwa siku moja tu." Sitaficha, nilitembea kifua mbele hadi jioni.

Maana pale niliondoka nikiwa na sifa ya uzito wa kumaliza kazi. Kiongozi wa timu alisema kikaoni, mbele ya watu wote, kwamba wenzangu wanamaliza kazi, mimi napiga msasa. Watu wakacheka. Sijasahau.

Nilichokuwa nakipiga msasa ni hiki. Mteja akibonyeza kitufe cha kulipa na mtandao ukasuasua, atabonyeza tena, na anaweza kukatwa pesa mara mbili. Wenzangu walikizima kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza, wakasema imekwisha. Lakini je, programu ya simu ikirudia kutuma ombi yenyewe? Mteja akifungua ukurasa upya? Nilitaka kila malipo yazaliwe na namba yake ya kumbukumbu, na hifadhidata iikatae namba hiyo ikija mara ya pili. Ombi likirudiwa, seva inatoa jibu lile lile la kwanza bila kugusa salio.

Fedha nazo nilizihifadhi kwa senti, namba nzima, kwa sababu kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa desimali zake za kawaida inakupa 0.30000000000000004. Kama unabisha, jaribu kwenye JavaScript, lugha ya kuandikia programu. Ni kitu kidogo, ila mhasibu anayefunga hesabu za mwezi hatalala.

Nani aliyaona hayo siku ya kuonyesha kazi? Hakuna. Waliona rangi ya kitufe, wakaijadili sana.

Wanaodhani haya ni madoido waisome habari ya roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 ililipuka kabla ya kutimiza sekunde 40 angani. Kipande cha programu kilichorithiwa kutoka Ariane 4 kilijaribu kuisukuma namba ya biti 64 (biti ni tarakimu ya 0 au 1 ya kompyuta) kwenye nafasi ya biti 16, ikafurika. Kwenye roketi ya zamani haikuwahi kuleta shida, kwa kuwa mwendo wake ulikuwa tofauti. Na linaloniudhi zaidi, hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kupaa. Iliachwa tu iendelee.

Basi mdogo wangu, najua nawe unataka kazi yako isifiwe na usiowajua. Futa msimbo usiotumika, leo, usisubiri. Vipe vitu majina yanayoeleweka. Ukikuta hitilafu, andika kwanza jaribio, yaani programu ndogo ya kupima, linaloishika, ndipo urekebishe. Na narudia, futa usichotumia! Vijana mnapenda kuhifadhi takataka "huenda zikahitajika".

Bosi akikuuliza kwa nini unachelewa, usimhubirie ubora, hatakusikiliza. Mketishe mbele ya mfumo wa majaribio, mpe simu abonyeze mwenyewe, kisha ukate mtandao katikati ya malipo, uurudishe, abonyeze tena. Salio likikatwa mara mbili mbele ya macho yake, muda utapatikana.