Mwenye nyumba anang'oa boila anaweka pampu za joto: soma kabla hujasaini (Maine, Marekani)

Mdogo wangu uliyeuliza, nimekusoma. Unahamia Lewiston mwezi ujao, mwenye nyumba kakwambia kodi ni ileile aliyolipa mpangaji aliyetoka, ila anang'oa boila ya mafuta (ile mashine ya kupasha nyumba nzima) na kufunga pampu za joto, yaani mashine za umeme za kupasha nyumba, "kwa sababu ya sheria ya jimbo". Unauliza kama ni habari njema. Wenzangu hapo juu kwenye maoni wamekupa hongera, mafuta ni ghali, umeme ni safi, saini. Mimi nasema tulia kwanza. Nimekuwa mpangaji ghorofa ya tatu karibu na Kennedy Park, hapohapo Lewiston, kwa miaka mitano, na sasa mimi na mama watoto tuna nyumba ya familia mbili ng'ambo ya mto, Auburn, na juu yetu anakaa mpangaji. Kwa hiyo jambo hili limenipata nikiwa pande zote mbili.

Hakuna sheria ya Maine inayomlazimisha kung'oa boila. Anachokisema ni zile sheria za 2019, mwaka ambao Gavana Janet Mills aliingia. Bunge la jimbo, kule Augusta makao makuu, lilipitisha kadhaa kwa mpigo. Moja iliunda Baraza la Tabianchi na kuweka lengo la kupunguza gesi joto kwa 45% chini ya kiwango cha 1990 ifikapo 2030, na 80% ifikapo 2050. Nyingine ilitaka 80% ya umeme itokane na nishati jadidifu ifikapo 2030. Inayokuhusu wewe ni ile ya muswada namba LD 1766: ilitaka zifungwe pampu za joto 100,000 ifikapo 2025, na ruzuku yake inapitia Efficiency Maine, chombo cha jimbo cha kusaidia watu kupunguza matumizi ya nishati. Huku zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa zinachoma mafuta, kwa hiyo unaelewa kwa nini waliyalenga mafuta. Na walifanikiwa kweli: 100,000 ilivukwa 2023, miaka miwili kabla ya wakati, wakajiongezea nyingine 175,000 hadi 2027.

Sasa angalia hesabu hiyo inahesabu nini. Inahesabu mashine zilizofungwa ukutani. Haiulizi bili ya mashine inakwenda kwa jina la nani.

Mwaka 2021 nilikuwa nalipa kodi dola 950, joto likiwa ndani yake, kama ilivyo kwenye yale maghorofa mengi ya mbao ya pale mjini. Boila iko chini, mafuta ananunua mwenye nyumba, sisi tunalala na fulana tu. Vuli ile mafundi wakaja, wakafunga mashine mbili, sebuleni na chumbani. Ukiiona utasema AC ya Dar, na kweli ni ileile, inafanya kazi pande zote mbili: kiangazi inatoa joto nje, baridi inavuta joto lililoko kwenye hewa ya nje na kulileta ndani. Tulishangilia. Mke wangu alipiga picha akawatumia nduguze Kigoma. Kodi haikupanda hata senti.

Bili ya umeme ya Januari 2022 ilikuja dola 287. Mwaka uliotangulia mwezi huohuo ilikuwa 64. Februari, 301. Nikampigia mwenye nyumba, akanijibu kwa upole kabisa kwamba kodi yangu haijabadilika, na umeme siku zote ulikuwa wangu. Na kweli mkataba ndivyo ulivyosema. Sehemu ya joto niliisaini mwenyewe vuli ile, ukurasa mmoja, nikiwa nimesimama mlangoni na sare ya kazini. Ameacha kununua mafuta, amepata ruzuku, na joto limehama kutoka mfukoni kwake likaingia kwangu bila mtu kupandisha kodi.

Uchungu uliongezeka kwa sababu Januari hiyohiyo bei ya msingi ya umeme kwa wateja wa CMP, kampuni ya umeme ya huku, ilipanda zaidi ya 80%. Ndipo nilipojifunza kwamba unaweza kuwa na sheria nzuri ya nishati safi Augusta na bado bei yako ikapangwa na gesi asilia, maana umeme mwingi wa New England unafuliwa kwa gesi. Gesi ikipanda duniani, pampu yako Lewiston inajua. Mwaka 2025 wamesogeza lengo, umeme wote uwe safi ifikapo 2040, lakini bili ya Januari haisubiri 2040.

Wasije wakasema napinga pampu. Siipingi, ninazo nyumbani. Tulipohamia Auburn 2023 tulikuta tangi la mafuta la galoni 275 kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba, na baridi ya kwanza nikaishiwa Jumapili usiku. Kampuni nyingi hazileti chini ya galoni 100, na usiku ule hakuna wa kuleta. Nilimpigia mzee mmoja jirani yetu wa zamani, Msomali Mbantu. Kizigua chake na Kiswahili changu hukutana katikati. Akanicheka, akaniambia nenda kituo cha mafuta na dumu la njano, nunua galoni tano za dizeli, mimina, subiri kidogo, kisha bonyeza kile kitufe chekundu cha boila mara moja tu. Ikawaka. Gari la mafuta lilipokuja Jumanne, bomba la hewa lilikuwa linapiga mluzi muda wote wa kujaza. Mluzi ukikatika, tangi limejaa. Binti yangu aliupenda mluzi ule. Mimi niliangalia risiti.

Vuli ya 2024 tukafunga pampu chini kwetu. Fundi alitaka dola 13,200. Ruzuku ya nyumba nzima wakati ule ilikuwa dola 4,000 kwa yeyote, 6,000 kwa kipato cha kati na 8,000 kwa kipato cha chini. Sisi tulithibitishiwa kipato cha kati, ikakata 6,000. Serikali kuu nayo ilirudisha 2,000 kwenye kodi ya mapato, lakini hiyo imekufa mwishoni mwa 2025, asikudanganye fundi. Kwenye baridi kali inafanya kazi? Ndiyo. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje nikaiona imesimama, feni halizunguki, mvuke unapanda kama sufuria ya ugali. Nilidhani imeungua. Kumbe inajiyeyushia barafu; dakika chache ikaendelea. Kuanzia Novemba hadi Aprili tulitumia pungufu ya nilichomlipa yule wa mafuta, na si kidogo.

Lakini mimi ni mwenye nyumba. Mafuta niliyoacha kununua yalikuwa yangu. Ndiyo tofauti yangu na yako.

Haya, fanya hivi. Maine ina sheria inayomtaka mwenye nyumba ampe mpangaji anayelipia nishati mwenyewe karatasi ya hali ya nyumba kuhusu matumizi ya nishati kabla ya mkataba, na una haki ya kupata kwa kampuni ya umeme historia ya matumizi na gharama ya miezi 12. Idai hiyo karatasi, usione aibu. Ila kuwa macho: kwa nyumba yako hiyo historia itakupumbaza, kwa sababu miezi 12 iliyopita joto lilikuwa la mafuta. Utaona bili ya taa na friji tu, ufurahi. Soma zaidi karatasi yenyewe, sehemu ya madirisha na insulesheni, yale matandiko ya ukutani na darini yanayozuia joto lisitoke. Kama dirisha ni la kioo kimoja, pampu itapasha joto mtaa.

Pili, mita. Ukishahamia, mwambie akuonyeshe besimenti, zima swichi kubwa ya kwako, halafu tembea jengo zima uone kimezimika nini. Mimi nilipofanya hivyo, taa za ngazi zilizima, na hita ya korido ya chini ikazima pia. Nilikuwa nimeipasha korido ya watu wote tangu siku ya kwanza. Sheria ya jimbo hairuhusu umeme wa maeneo ya pamoja uende kwenye mita ya mpangaji bila makubaliano ya maandishi na kupunguziwa kodi. Nilipoitaja, fundi alikuja wiki ileile.

Barua za "sola ya jamii" utakazopata, za kujiunga na mradi wa sola wa pamoja upate punguzo la asilimia kadhaa kwenye bili, ni jambo la kweli, linatokana na sheria nyingine ya 2019, lakini huwa unapata bili mbili na mkataba mrefu. Usianze nazo.

Kubwa ni namba. Nilipofunga pampu juu kwa mpangaji wangu, mama watoto alitaka kodi ibaki palepale, kama nilivyofanyiwa mimi. Tulibishana siku mbili mezani. Mwisho nilichukua kikokotoo: nyongeza ya umeme kwa miezi sita ya baridi nikaikadiria dola 1,200, nikagawa kwa 12, nikamshushia kodi dola 100 kila mwezi, kwa maandishi. Bado naokoa mafuta.

Kwa hiyo usimuulize mwenye nyumba wako kama kodi imepanda. Muulize imeshuka kwa kiasi gani. Akisema haishuki, mpe chaguo la pili: joto libaki ndani ya kodi kama zamani, na pampu zisome kwenye mita yake yeye. Kama anaamini ni nafuu kama anavyokwambia, hatakuwa na shida. Tuletee hapa jibu atakalokupa.