Kadi ya grafiki kwa montaji na gemu: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Kiangazi ni msimu wa harusi hapa kwetu, na kila harusi siku hizi inataka video ya 4K, drona juu ya paa la ukumbi, na kipande kifupi cha simu kabla bibi harusi hajavua viatu. Ndiyo maana maswali mengi ya safari hii yametoka kwa watu wa montaji. Wengi wao wanataka na gemu pia, kwa pesa ileile.

Yaya, napiga video za harusi na matanga hapa Kamalondo. Kompyuta yangu ni Core i5 ya kizazi cha 8, RAM 8GB, diski ngumu ya kawaida. Premiere, programu yangu ya montaji, inaganda nikipandisha klipu mbili tu. Nimeweka kando dola 300. Ninunue kadi gani?

Usinunue kadi. Bado.

Windows na Premiere zikifunguka pamoja zinamaliza hizo 8GB. RAM ikijaa, kompyuta inaanza kuhifadhi mambo yake kwenye diski, na diski yako ni ile ya kuzunguka, tena ndiyo hiyohiyo inayosoma klipu. Hapo ndipo inapoganda. Kadi ya dola 300 itakaa pale ikisubiri kama wewe unavyosubiri. Ongeza RAM ifike 16GB, ikiwezekana 32, na uweke SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, ya kufanyia kazi. Diski ya zamani ibaki ghala la kazi zilizokwisha. RAM imepanda bei duniani tangu mwisho wa 2025, kwa hiyo tafuta DDR4 iliyotumika; hicho ni kifaa kisichochakaa upesi.

Tena prosesa yako ina grafiki ndogo ya Intel ndani, ambayo inajua kufungua na kufunga (yaani kusoma na kubana) video za H.264 na H.265, zile namna mbili za kubana video. Hakikisha tu kwamba haikuzimwa kwenye mipangilio ya Premiere.

Ukimaliza hayo, fungua dirisha la Windows linaloonyesha kazi zinazoendelea (bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja) na uliangalie wakati video inakatakata. Prosesa ikiwa asilimia 100 huku grafiki iko asilimia 15, kadi haitakusaidia. Grafiki ndiyo ikigonga 100, niandikie tena.

Nina mnara wa kawaida wenye Ryzen 5 na pawa saplai ya wati 550. Natumia DaVinci Resolve kwa montaji, na wikendi nacheza gemu na wadogo zangu. Nimeonyeshwa RTX 3060 ya 12GB iliyotumika na RTX 4060 mpya ya 8GB. Ipi? (Bel-Air)

Kwa Resolve, 3060 ya 12GB, na sisiti.

Resolve inaitwika kadi karibu kila kitu: rangi, kupunguza chengachenga za picha, maandishi yanayotembea ya Fusion. Vyote hivyo vinakaa kwenye kumbukumbu ya kadi yenyewe, si kwenye RAM ya kompyuta. Ukiwa na video ya 4K na tabaka tatu nne za rangi, 8GB zinaanza kubana, kisha unapata ule ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU, yaani ya kadi, imejaa, na kazi inasimama. Kadi yenye kasi kubwa na kumbukumbu ndogo inakufikisha ukutani haraka zaidi, basi.

Siidharau 4060. Kwenye gemu iko mbele kidogo. Inakula wati 115, wakati 3060 inakula 170. Mwenye paneli za jua anaijua tofauti hiyo. Inaweza pia kufunga video kwa AV1, namna mpya zaidi ya kubana, kitu ambacho 3060 haiwezi. Lakini mteja wako wa harusi anataka faili inayofunguka kwenye televisheni ya shangazi yake, na hiyo bado ni H.264. Kama unafanya kazi ya 1080p pekee na gemu ndizo nyingi, chukua 4060 kwa amani.

Jambo moja la kuchunga: ipo 3060 nyingine ya 8GB iliyotoka mwishoni mwa 2022. Jina lilelile, boksi karibu lilelile, lakini njia yake ya kumbukumbu ni ya biti 128, wakati ya 12GB ina biti 192. Programu ya bure ya GPU-Z inaonyesha namba hizo zote mbili. Muuzaji akikuambia "3060 ni 3060", mwambie aifungue mbele yako.

Wengine wameniuliza kuhusu AMD. RX 6600 ni kadi nzuri ya gemu, ina 8GB na inakula wati 132. Kwa mtu wa gemu tupu ningeisema bila aibu. Kwa montaji naenda NVIDIA, kwa sababu programu nyingi za video zimejengwa juu ya CUDA, mfumo wao wa kuipa kadi hesabu, na video wanazofunga kwa H.264 zinatoka safi zaidi. Ila RX 6500 XT na RX 6400 ziacheni kabisa kama mnafanya video: zina 4GB, na AMD waliziondolea sehemu ya kufunga video. Zinauzwa kwa bei ya kuvutia, nanyi sasa mnajua kwa nini.

Nimenunua Dell OptiPlex ndogo iliyotoka Ulaya. Fundi anasema nikileta kadi yoyote ataifunga kwa adapta. Ni kweli?

Atafunga, ndiyo. Swali ni itawaka kwa muda gani.

Sloti ya kadi kwenye ubao mkuu wa kompyuta inatoa wati 75, hazizidi. Kadi inayohitaji zaidi inaletewa waya wake: wa pini 6 kwa wati 75 nyingine, au wa pini 8 kwa wati 150. Kompyuta hizi za ofisi hazina waya hizo, kwa sababu zilitengenezwa kwa kazi za hesabu na barua. Ndipo fundi anapochukua waya wa SATA, ule wa diski, na kuugeuza kuwa pini 8. Waya wa SATA unavumilia wati 54. Kuuomba 150 ni kuomba plastiki iyeyuke. Na pawa saplai yenyewe usidhani utaibadilisha kirahisi: kwenye OptiPlex nyingi plagi ya ubao ni ya Dell wenyewe, si ile ya pini 24 inayouzwa madukani.

Kwako tafuta RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka mwanzoni mwa 2024. Inakula wati 70, haihitaji waya wa ziada, na inapatikana kwa umbo fupi linaloingia kwenye kisanduku chembamba. Sema "ya 6GB" mara mbili dukani, maana ya 8GB ni kadi nyingine ya wati 130 na inataka waya. Pima nafasi kwa rula kabla ya kulipa: urefu, na kama kadi ya unene wa sloti mbili inaingia. Itakufanyia montaji ya 1080p vizuri, 4K nyepesi kwa subira, na gemu nyingi kwa ubora wa kati.

Kuna mtu anauza RX 580 nne kwa bei ya kutupa. Nasikia zilichimba sarafu za mtandaoni. Zimekufa? (mwanafunzi, UNILU)

Mji huu umezoea wachimbaji, hawa hawakuwa na beleshi tu. Ethereum ndiyo ilikuwa ikichimbwa kwa kadi za grafiki, hadi tarehe 15 Septemba 2022 ilipobadili mfumo wake na kadi kubaki bila kazi. Kwa wingi zilimwagika sokoni, na hadi leo zinazunguka.

Kadi iliyochimba haikufa kwa lazima. Kinachochoka ni feni, na vile vibandiko laini vinavyopitisha joto, ambavyo hukauka. Basi jaribu. Nenda na kompyuta yako au mtumie ya muuzaji, iwashe gemu nzito nusu saa nzima, uangalie joto, usikilize feni, ujaribu kila tundu la skrini. Michirizi au vidoti vya rangi vikitokea, rudisha kadi mezani. Muuzaji asiyekubali nusu saa amekwisha kujibu swali lako.

Ufunguapo GPU-Z, soma idadi ya vikokotozi: RX 580 kamili ina 2304. Ukiona 2048, hiyo ni ile iliyouzwa China kwa jina la 580 huku ndani ikiwa kama 570. Si feki, ila bei yake ishuke. Feki halisi ni nyingine: kadi za miaka ya 2010 na 2011, kama GTS 450, zilizoandikwa upya ndani zijiite GTX 1050 Ti. GPU-Z inazigundua nyingi na kuweka neno FAKE mbele ya jina.

Mimi nisingeinunua 580 kwa montaji mwaka huu hata ikiwa nzima. Inakula wati 185 na ni ya 2017. Wanaotafuta GTX za mfululizo wa 10 wajue pia: NVIDIA waliacha kuzitolea draiva mpya za gemu baada ya Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu hadi 2028.

Nilinunua RTX 3060 kwa ajili ya klipu za Sony A7 IV, lakini zinakatakata kama zamani. Nimeuziwa kadi mbovu?

Kadi ni nzima. Shida ni namna kamera inavyoandika rangi. Umeiweka kwenye biti 10, 4:2:2 (inayohifadhi rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida), kwa H.265, na GeForce zote, yaani kadi za gemu za NVIDIA, kabla ya mfululizo wa RTX 50 hazina sehemu ya kufungua aina hiyo. Mzigo wote unarudi kwa prosesa, na kadi yako ya dola mia kadhaa inatazama. Hili halisemwi madukani, na limewala wapiga video wengi kuliko kadi feki.

Prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 kwenda mbele, yenye grafiki ndani, inafungua 4:2:2 ya H.265 bila jasho, na Premiere inajua kuitumia. Angalia jina: yenye herufi F mwishoni haina grafiki hiyo. Kama una prosesa nyingine, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kufanyia kazi. Programu itarudi kwenye klipu za asili wakati wa kuekspoti. Iache itengeneze usiku ukiwa na umeme. Au weka kamera kwenye 4:2:0 biti 10, ambayo 3060 inaifungua bila shida. Kwa harusi ya mchana uwanjani sidhani kuna mzazi atakayeona tofauti. Ukipiga kitambaa cha kijani ili ubadilishe mandhari, hapo baki na 4:2:2.

Delestaji ikikata nikiwa naekspoti, kadi inaweza kuungua?

Kukatika kwenyewe kunakupotezea kazi zaidi kuliko kadi. Hatari iko kwenye kurudi, umeme unapokuja na kishindo, na anayepigwa kwanza ni pawa saplai. Ile ya bei rahisi ikifa hufa na jirani zake, kwa hiyo usibane pesa hapo. Ukikatika, chomoa, ukirudi, subiri dakika chache utulie.

UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba, ni ya kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima, si ya kumalizia ekspoti. Na VA si wati: ya 650VA kwa kawaida inabeba wati mia tatu na kitu, na mashine yenye RTX 3060 ikifanya kazi kwa nguvu inafika huko. Ukiwa kwenye jua, chagua inveta ya wimbi safi. Zile za wimbi la kuigiza huifanya pawa saplai nzuri ivume au ijizime. Kisha shusha nguvu ya kadi kwa programu ya MSI Afterburner hadi asilimia 75 au 80. Kasi inayopotea ni ndogo, joto linashuka, na feni hazipigi kelele.

Majibu mafupi

*Aliyenunua kadi na "hakuna tofauti yoyote":* waya wa skrini umeuchomeka kwenye ubao. Uhamishie kwenye kadi.

*Laptopu ya RTX 4060 iliyo nafuu kuliko nyingine zote:* uliza wati. Kadi hiyo kwenye laptopu inawekwa kati ya wati 35 na 115, na jina halibadiliki. Na ukiwa kwenye betri, kadi hupunguza nguvu sana, kwa hiyo usitegemee kuekspoti harusi gizani.

*Draiva ya NVIDIA, ya Studio au ya gemu?* Studio, kama kazi ndiyo inayokulisha. Gemu zitacheza vilevile. Inakula mega mia kadhaa, ipakue mahali penye Wi-Fi.

*Kadi kwa mchezo wa mpira wa EA FC tu, kwenye skrini ya 1080p:* GTX 1650 iliyotumika inatosha.

*Vumbi jekundu la Katuba:* fungua kisanduku kila mwezi wakati wa kiangazi. Ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke. Kompresa ya kwa fundi wa magurudumu ina maji ndani ya hewa yake. Tumia brashi ya rangi iliyo kavu, kompyuta ikiwa imechomolewa.