Gari Jeusi na Jua la Kaskazi

SWALI: Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nina gari dogo jeusi lililoshushwa bandarini Kilindini mwaka juzi likitoka Japani. Lilipofika, mtu aliweza kujitazama uso mlangoni mwake. Sasa boneti na paa vimefubaa, kuna alama za mavi ya kunguru zisizotoka hata nikisugua, na gari likiwa juani huonekana mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui. Kazini ninaliegesha katika uwanja wa wazi tangu asubuhi hadi jioni, na vijana wa pale huliosha saa saba mchana ninapokwenda kula. Rafiki mmoja ananishauri nilifunike kwa turubai, mwingine anasema nilipige polishi kila mwezi, na wa tatu amenieleza habari za seramiki, ile dawa inayopakwa ikakauka kuwa utando mgumu wa kukinga rangi, ambayo bei yake imenitoa jasho. Nianzie wapi? (Msomaji, Nyali)

JIBU: Ndugu yangu wa Nyali, anzia kwenye saa ya kuosha gari, kwani kuibadilisha hakuna gharama.

Rangi ya gari lako ina matabaka. Chini kuna praima inayoshikana na bati, juu yake ndiyo rangi nyeusi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, yaani ule utando angavu usio na rangi unaolipa gari mng'ao. Klia ya kiwandani kwa kawaida huwa na unene wa maikroni 40 hadi 50, ilhali unywele mmoja wa binadamu ni kama maikroni 70. Yote uliyoyaona, yaani kufubaa, alama za kunguru na utando wa buibui, yametokea ndani ya tabaka hilo lililo jembamba kuliko unywele. Rangi nyeusi iliyo chini yake huenda bado ni nzima kabisa.

Mionzi ya jua isiyoonekana, ambayo ndiyo inayochujusha mapazia na mabango ya dukani, hulipiga gari jeupe na jeusi sawasawa. Kinachozidi kwa jeusi ni joto. Siku ambayo hewa ya Mombasa ina nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, boneti jeusi lililo juani linaweza kupita nyuzi 70, nawe unalijua hilo kila unapoligusa na kurudisha mkono upesi. Tena sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Lile la Machi hutukuta kaskazi haijatuaga, mbingu ikiwa nyeupe na mvua za masika hazijafika. Katika joto la namna hiyo klia hulainika kidogo na kutanuka, na chochote kilichoachwa juu yake hufanya kazi haraka kuliko ambavyo kingefanya kivulini.

Ndiyo maana nikataja saa ya kuosha. Maji yakimwagwa juu ya boneti la saa saba mchana hukauka kabla kitambaa hakijafika, sabuni hugandia hapo hapo, na chumvi iliyokuwa ndani ya maji hubaki kama vidoa vyeupe. Gari lako lioshwe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, tena kivulini. Liguse kwanza kwa kisogo cha mkono. Ikiwa bati lina moto, subiri.

Utando wa buibui haukuletwa na jua. Wiki chache zilizopita nilisimama nikamtazama kijana mmoja akiosha gari la rangi ya samawati iliyokoza. Taulo lilimponyoka likaangukia mchangani, akalikung'uta mara mbili gotini, kisha akaendelea na boneti kama kwamba hakuna lililotokea. Sikumlaumu sana, maana alikuwa na ndoo moja, taulo moja na magari sita yaliyomsubiri. Wewe mnunulie kijana anayekuoshea ndoo ya pili, moja iwe ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na mtenge kitambaa cha magurudumu kisipande juu kamwe. Gari limwagiwe maji mengi kwanza ili mchanga uondoke, ndipo liguswe, na kuoshwa kuanzie paani kuteremka chini. Sabuni ya unga ya kufulia na sabuni ya vyombo ziachwe jikoni, kwa kuwa huondoa nta uliyoipaka. Shampuu ya gari ndiyo inayofaa.

Ama kunguru, hao ni wenyeji wenzetu siku hizi. Mavi yao yana asidi, lakini asidi ni nusu tu ya habari. Mavi hukauka juu ya klia iliyotanuka kwa joto. Jioni bati likipoa, klia hunywea na kujifinyanga ikifuata umbo la lile doa. Hapo hata ukiyaondoa mavi, chapa hubaki. Weka ndani ya buti chupa ya maji ya kunywa na kitambaa laini. Ukiona doa, lilowanishe, ulilaze kitambaa chenye maji juu yake kwa dakika 10, kisha uliinue taratibu pasipo kusugua, kwani mavi makavu ya ndege huwa na chembe za mchanga. Fanya hivyo saa ile ile. Kungoja Jumamosi ndiko kulikokuletea hizo alama.

Kivuli nacho kina hila zake. Watu hukimbilia chini ya mwembe msimu wa maembe, wakasahau kwamba utomvu ule ule unaobabua midomo ya watoto ndio unaodondokea paa la gari. Banda la makuti ni zuri, ila mvua ya kwanza ikinyesha hudondosha maji ya rangi ya chai, nayo yasiachwe yakaukie juu ya rangi. Afadhali banda la mabati, au ukuta unaotupa kivuli kuanzia adhuhuri. Pale uwanjani kwenu, tazama kwa siku mbili kivuli cha jengo kinaangukia wapi saa nane, uwahi nafasi hiyo asubuhi.

Turubai nalikataa. Halipitishi hewa, hivyo unyevu hufungiwa chini yake na bati huchemka, na upepo ukilipiga hulisugua gari zima kwa vumbi lililobaki juu ya rangi. Ukitaka kifuniko, nunua kile kinachopumua, chenye kitambaa laini kwa ndani, na kifunike gari safi tu.

Kuhusu polishi ya kila mwezi, nina kisa changu. Katika ujana wangu, kwenye karakana nilikojifunzia kazi, niliachiwa gari jeusi la mteja niondoe mikwaruzo kwa mashine na kampaundi, yaani polishi yenye chembe za kusugua. Boneti lilianza kung'aa, nami nikanogewa. Nilipofika kwenye ukingo ule uliojipinda karibu na taa, ambako klia huwa nyembamba zaidi, nikageuza sponji nikaona weusi. Nilikuwa nimeimaliza klia na kuingia kwenye rangi. Boneti zima lilipulizwa upya, na ujira wangu ukakatwa. Kampaundi huondoa mkwaruzo kwa kupunguza klia mpaka ilingane na sakafu ya mkwaruzo, na klia iliyopungua hairudi. Gari lako lisuguliwe mara moja na fundi anayepima unene wa rangi kwa kifaa kabla ya kuanza, kisha lisiguswe tena kwa kampaundi kwa miaka kadhaa. Alama za kunguru zilizozama sana umwambie aziache. Ni heri doa dogo kuliko klia iliyotoboka.

Baada ya hapo, paka nta. Ile ya kanauba, inayotokana na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80, kwa hiyo jua letu haliiyeyushi juu ya bati, ingawa joto na kuoshwa mara kwa mara huimaliza polepole. Ipake kivulini kwenye bati lililopoa, nyembamba sana, sehemu moja baada ya nyingine. Ukimwagia maji yakasimama matone kama juu ya jani la myugwa, nta ipo, yakitandaa, imekwisha. Kwa kaskazi ya huku mimi huirudia kila wiki sita hadi nane. Nta za kutengenezwa kiwandani hukaa miezi kadhaa, wala hazihitaji ufundi mkubwa.

Seramiki ni nzuri, siikatai. Hukaa miaka, na uchafu hauing'ang'anii sana. Hata hivyo haizuii joto, haizuii mkwaruzo wa taulo lenye mchanga, na mavi ya kunguru yaliyoachwa siku tatu huichubua pia. Ukiipaka juu ya rangi yenye utando wa buibui, umeufungia utando ndani. Kama kuosha kwako hakujabadilika, fedha hiyo iweke.

SWALI: Ninaishi Likoni na ninavuka kwa feri kila siku na gari langu la buluu iliyokoza. Msimu wa kusi hurushiwa maji ya bahari, na nyumbani tuna kisima cha maji ya chumvichumvi tu. Je, ni afadhali nisilioshe? (Mama wa watoto watatu, Likoni)

JIBU: Lioshe, dada. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi kuliko ya kisima chako, hasa ikiingia pale rangi ilipochubuka na bati likaanza kutu. Tumia maji ya kisima kwa kuosha, kisha lita 10 za maji ya mfereji au ya mvua kwa kusuuza mwisho, na ulikaushe papo hapo kwa taulo la maikrofaiba bila kuliachia jua likukaushie. Usisahau kusuuza chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu. Vidoa vyeupe ambavyo bado ni vipya hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: ipanguse kivulini, subiri dakika moja, kisha usuuze vizuri.

SWALI: Gari langu jeusi lilipigwa rangi upya na fundi wa mtaani. Kila nikipaka polishi kitambaa kinakuwa cheusi. Ninaharibu? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Yaelekea fundi alipuliza rangi bila klia, basi unayoiona kitambaani ni rangi yenyewe. Kiasi kidogo si cha kutisha, ila kila usuguapo unaipunguza. Acha polishi yenye chembe, tumia nta tupu. Iwapo kuna sehemu inayobanduka magamba kama ngozi iliyoungua jua, basi klia ilikuwepo na imekufa, nayo hairudishwi na nta wala polishi yoyote. Sehemu hiyo ipigwe msasa na kupulizwa upya, safari hii kwa klia iliyochanganywa na kikaushio chake kwa kipimo cha mtengenezaji.