Tagore alikuwa kwenye stempu za India kabla ya 1961

Hapana ndugu, umesema stempu ya India ya 1961 ndiyo ya kwanza kumwonyesha mshairi Rabindranath Tagore, lakini siyo. Ilitolewa Mei mwaka huo kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe, lakini alishatokea Oktoba 1952 katika seti ya watakatifu na washairi sita: Kabir, Tulsidas, Meera, Surdas, Ghalib na yeye mwenyewe. Zilichapwa kule kule India, katika mji wa Nashik. Kwangu mimi hakuna seti iliyoifikia hii. Mfumaji Kabir, Meera wa ukoo wa kifalme na Ghalib mshairi wa Kiurdu wamepangwa pamoja bila kuulizana dini.

Kuzitofautisha ni rahisi, tazama bei. Za 1952 zina bei za sarafu ya zamani, ana na vipande vyake viitwavyo pai, na ya Tagore ni ana 12. Ya 1961 ina maandishi 15 nP, yaani naye paise (paisa mpya), kwa kuwa mwaka 1957 rupia iliacha kugawanywa ana 16 ikawa paisa 100.

Gandhi aliwatangulia wote hao: 15 Agosti 1948, miezi michache tu baada ya kuuawa. Stempu nne, zimechapwa Uswisi, na jina Bapu (Baba), alivyoitwa Gandhi, limeandikwa kwa Kihindi na Kiurdu. Ila mtu akikuuzia ile ya rupia 10 yenye neno SERVICE (alama ya matumizi ya serikali) lililochapwa juu yake, funga pochi kwanza. Zilitengwa 100 tu kwa ofisi ya Gavana Mkuu wa India, na za bandia zipo. Mpelekee mtaalamu aikague kabla hujatoa hata senti.