Muulize Fundi: Gari Likianza Kuchaji, Amplifaya Inanguruma

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi nakaa Tabata, Dar, nimenunua gari la umeme, Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani. Nikiichaji usiku amplifaya inaanza mmmmmm kwenye spika, hata sauti nikishusha mpaka ziro, na taa ya sebuleni inafifia. Soketi ya gari fundi aliivuta kutoka soketi ileile ya sebuleni yenye redio na king'amuzi, yaani kutoka meni swichi mpaka getini ni kama mita 25 za waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba). Nimepima pale getini, kabla volti 228, gari likianza 209. Muuza spea ananiambia ninunue stebilaiza. Au gari ndo bovu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kupima, maana wengi wananiandikia tu "umeme unasumbua" halafu wanataka nibashiri kama mganga.

Gari lako naliachia huru kwanza. Chaja ya ndani ya Leaf inavuta umeme kwa ustaarabu tu, shida ni kwamba inavuta mwingi tena masaa mengi bila kupumzika. Pasi inawaka inazima, hita ya kuogea dakika kumi basi, ila gari linakaa na ampea kama 15 mpaka alfajiri, kwa hiyo kiungo chochote kilicholegea kitasema tu.

Piga hesabu na mimi. Waya wa shaba wa 2.5, mita 25, ampea 15, unapoteza volti kama 7. Wewe umepoteza 19. Hizo 12 zilizobaki zimeenda wapi? Ampea 15 mara volti 12 ni wati 180, na hizo wati zinageuka joto mahali fulani, ukutani, kwenye plagi au huko nje kwenye nguzo. Leo kabla hujachaji pima pale meni swichi, halafu washa gari pima tena palepale. Kama hata pale inashuka sana, tatizo linatoka upande wa mita na nguzo, ita TANESCO. Kama pale iko vizuri basi liko ndani kwako, na mimi pesa yangu naiweka kwenye nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, ya soketi ya sebuleni, ile skrubu ambayo fundi alibananisha waya tatu kwa haraka.

Na plagi yenyewe iangalie. Kebo nyingi za Leaf za Japani zilitengenezwa kwa volti 200 ampea 15, zikifika huku watu wanakata kichwa wanafunga plagi yetu ya ampea 13. Chomoa baada ya lisaa limoja uiguse pini, kama inakuunguza au plastiki imekuwa rangi ya chai ya maziwa, usichaji tena hapo.

Sasa mngurumo. Weka sikio kwenye boksi la amplifaya, kisha kwenye spika. Ukitoka kwenye boksi ni transfoma inatetemeka, inaudhi tu. Wewe unasema spika, basi chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi wakati gari linachaji. Mngurumo ukinyamaza umempata mkosaji: dishi limeshikana na ardhi kwa nguzo yake, amplifaya ina ethi ya nyumba, yaani waya wa usalama unaoenda ardhini, na chaja inavujisha umeme kidogo kwenye hiyohiyo ethi, unazunguka humo ndani ya waya zako za mziki. Fimbo ya ethi ikiwa kwenye mchanga mkavu ndo inazidi kabisa. Ila naomba sana, usikate waya wa ethi ili mngurumo uishe!! Kuna watu wanafanya hivyo na wanajisifu, na gari limepaki nje mtoto anashika mlango na miguu iko kwenye maji.

Stebilaiza acha, kiungo kibovu kitabaki kibovu na waya utabeba ampea zaidi. Hela hiyo vuta laini ya gari peke yake kutoka meni, waya wa 6, breka yake na kinga yake ya shoti ya ethi (ile inayokata umeme ukivuja), umbali uleule utapoteza volti 3 tu, na soketi ya sebuleni ibaki na redio.

SWALI: Fundi, pikipiki yangu ya umeme nikiichaji redio ya mzee wangu inakwaruza masafa ya kati, FM haina shida. Kwa nini?

JIBU: Hizo chaja ndogo za bei rahisi nyingi hazina filta ya maana, swichi zake za ndani zinarusha kelele hewani na kwenye nyaya, na masafa ya kati yanazidaka zote. Chajia chumba kingine, soketi nyingine, na redio ya mzee itumie betri jioni ile ya taarifa ya habari. Kama bado, badilisha chaja, usimbadilishie mzee redio.