Kwa Vijana Wanaoanza Kazi ya Nyanjani: Njaa Haipimwi Agosti

Vijana wangu, nimezipitia hojaji za chakula cha kaya mlizoleta kutoka Siaya, magharibi mwa Kenya, na yale niliyowakanya waliowatangulia yamejirudia.

1. Msiridhike na magunia mnayoyaona. Mahindi ya mvua za masika hupandwa Machi na kuvunwa Julai hadi Agosti, kwa hivyo ukipita vijijini wakati huo kila boma lina chakula. Kijana mmoja mwenye bidii alikuta magunia manne ya kilo 90 kwa mama mmoja, akaandika kwamba kaya inajitosheleza, akaenda boma la pili. Hakuuliza magunia yale yanakwenda wapi. Mawili yalikuwa yameshaahidiwa mnunuzi ili mtoto apate karo ya muhula wa tatu, na la tatu lilikuwa la kulipia deni la mbolea. Mei ilipofika, mama yule alikuwa akinunua mahindi sokoni kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, kwa bei iliyozidi ile aliyouzia, na katika orodha ya msaada jina lake halikuwamo, kwa kuwa fomu yetu wenyewe ilisema anajitosheleza. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana lilihitaji swali moja tu: "Mama, umeuza kiasi gani, na kilichobaki kitakufikisha mwezi gani?" Mkishaulizia Agosti, rudini Aprili au Mei, hata kama bajeti itabana.

2. Chakula cha saa 24 zilizopita aulizwe aliyepika. Baba mwenye boma, kwa kuheshimu wageni, atawatajia nyama. Mama ndiye ajuaye kwamba jana walikula ugali na mrenda, na kwamba omena (dagaa) kidogo iliyokuwapo waliachiwa watoto. Msimharakishe, na ikiwezekana zungumzeni naye jikoni, mbali na wazee.

3. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake, katikati ya bega na kiwiko, haufiki sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali; apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Fomu itangoja.

4. Kwenye baraza la chifu msiahidi mbegu wala unga. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na mnayemhoji ana haki pia ya kujua mmeandika nini juu yake. Yarudisheni matokeo barazani kabla ya msimu wa kupanda, wenye maboma wayasahihishe mbele yenu.