Kuingiza 4L (foo-wili ya mwendo wa polepole wenye nguvu): gari lisimame au litambae?

Lisimame, au litambae kwa kilomita 3 hadi 5 kwa saa, si zaidi. 4H (foo-wili ya mwendo wa kawaida) huingia hata gari likiwa kwenye mwendo, ila 4L ni habari nyingine: kwenye magari mengi gia zake hazina kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajakutana, kwa hiyo ukilazimisha utasikia yanasaga, na ndivyo yanavyolika. Hivi ndivyo ninavyowafundisha madereva: kanyaga breki, weka N (ya manyuo, klachi hadi chini), kisha sukuma ule mkono mdogo wa gia mara moja, kwa nguvu, bila kusitasita. Mkono ukigoma usiupigepige, achia breki tairi zisogee kidogo tu, ujaribu tena. Kwa gari la kitufe, subiri taa ya 4L iache kumetameta ndipo uweke D.

Tafadhali ingiza kabla ya tope, si ukishazama. Na ukirudi kwenye lami kavu itoe, maana foo-wili nyingi za kuingiza kwa mkono hazina difu ya katikati (gia zinazoruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), ukikata kona mfumo mzima unajikaza.